Wafalme wa vyuo wanavyoumbuka ligi za kulipwa, isipokuwa kwenye soka

KILA Januari, ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ikimaliza mechi zake za kawaida, hufuata siku ambayo wenyewe wanaiita Jumatatu Nyeusi. Ni siku ya makocha kufungashiwa virago. Wengine wanaitwa ofisini asubuhi na hadi mchana jina lao halipo tena mlangoni. Siku hiyohiyo mabosi wa klabu wanaanza kutafuta mtu mpya, na macho yao huelekea palepale kila mwaka: vyuo vikuu.

Huko wanamkuta kocha anayeshinda karibu kila wiki na anayeabudiwa na mji mzima. Wanamwekea mkwanja mezani, anasaini, picha zinapigwa. Baada ya miaka miwili, na wakati mwingine hata mwaka haujaisha, kibarua kimeota nyasi. Jamaa anarudi zake chuoni na kuanza tena kushinda kama vile hakuna kilichotokea.

Mambo haya yamejirudia mara nyingi mno kuweza kuitwa bahati mbaya. Kocha ni yuleyule, filimbi ni ileile na akili ni ileile. Kwa nini basi atambe hapa na aumbuke pale?

Swali hili linatuhusu hata sisi tunaofuatilia mpira wa miguu, kwa sababu kwenye mchezo wetu makocha wa vyuo vya Marekani waliopanda ligi ya kulipwa hawakuumbuka. Walibeba makombe, na mmoja wao alifika hadi kuinoa timu ya taifa ya Misri. Ukielewa kwa nini wa soka walifaulu na wale wengine wakaanguka, umeelewa jambo kubwa kuhusu kazi yenyewe ya ukocha.

Chuo chao si bonanza

Kwanza tuelewane. Shabiki wa huku akisikia mashindano ya vyuo anafikiria bonanza la mwisho wa wiki, jezi za kuazima na watazamaji wa kuhesabu. Marekani sivyo kabisa.

Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa ukijaa pomoni ni watu 60,000. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa fedha nyingi kuliko wote ni kocha wa chuo, wala si gavana. Nick Saban, katika miaka yake ya mwisho pale Alabama, alikuwa anakunja zaidi ya Dola 10 milioni kwa mwaka.

Kwa hiyo kocha haondoki chuoni kwa sababu ya njaa. Anaondoka kwa sababu ana kiu ya kujipima na walio bora kabisa, na kwa sababu watu hawaachi kumwambia kwamba kuwafunga wanafunzi si kazi. Hapo ndipo mtego ulipo.

Saban na bega la Drew Brees

Huyo Saban ndiye mfano mzuri kuliko wote. Akiwa chuo cha LSU alibeba ubingwa wa taifa wa msimu wa 2003. Mwishoni mwa 2004 akachukuliwa na Miami Dolphins ya NFL. Msimu wa 2005 akashinda mechi tisa na kupoteza saba. Msimu wa 2006 akashinda sita na kupoteza 10. Januari 2007 akaondoka kwenda Alabama, wiki chache tu baada ya kusema hadharani kwamba yeye hatakuwa kocha wa Alabama.

Akiwa Alabama alibeba ubingwa wa taifa mara sita. Ukijumlisha na ule wa LSU unapata saba. Wengi wanamhesabu kuwa kocha mkubwa kuliko wote katika historia ya vyuo. Ni mtu yuleyule ambaye Miami alimaliza akiwa na mechi alizofungwa nyingi kuliko alizoshinda, 17 kwa 15.

Ndani ya kipindi hicho kuna tukio moja linaloeleza karibu kila kitu. Kabla ya msimu wa 2006, Dolphins walikuwa wanatafuta mrusha mpira mkuu, yule ambaye mashambulizi yote ya timu hupitia mikononi mwake. Walikuwa na majina mawili mezani. Mmoja ni Drew Brees, aliyekuwa ametoka kuumia bega. Mwingine ni Daunte Culpepper, aliyekuwa ametoka kuumia goti. Madaktari wa klabu wakatilia shaka bega la Brees, klabu ikamchukua Culpepper. Culpepper alicheza mechi chache tu msimu ule. Brees akaenda New Orleans, na Februari 2010 akabeba Super Bowl.

Chuoni jambo kama hilo lisingemwangusha Saban. Akimkosa kijana mmoja mwenye kipaji, mwaka unaofuata anasajili wengine watatu. NFL ukikosea mtu mmoja kwenye nafasi ile, umeharibu misimu miwili, na misimu miwili ndiyo umri wa kocha.

Orodha ni ndefu

Saban hakuwa peke yake. Steve Spurrier aliipa Florida ubingwa wa taifa wa 1996, halafu 2002 akaenda Washington kwa mkataba wa miaka mitano wa Dola 25 milioni, ambao wakati ule haukuwa na mfano kwa kocha wa NFL. Alikaa miwili. Alishinda mechi 12, akapoteza 20, akajiuzulu mwenyewe.

Bobby Petrino alitoka Louisville kwenda Atlanta Falcons mwaka 2007. Alikwenda akiamini atamtumia staa Michael Vick, lakini Vick akaingia kwenye kesi ya kupiganisha mbwa na akaishia jela. Petrino akashinda mechi tatu, akapoteza 10, na msimu ukiwa haujaisha akakimbilia Arkansas. Wachezaji waliingia vyumbani wakakuta amewaachia kikaratasi cha mistari michache. Hakuaga.

Matt Rhule aliipandisha Temple, akaifufua Baylor, akapewa Carolina Panthers 2020 kwa mkataba wa miaka saba. Oktoba 2022 alikuwa ameshatimuliwa, ameshinda 11 na kupoteza 27.

Kisha kuna Urban Meyer. Huyu alikuwa na mataji matatu ya taifa, mawili akiwa Florida na moja akiwa Ohio State. Katika misimu 17 ya vyuo alishinda mechi 187 na kupoteza 32 tu. Januari 2021 akapewa Jacksonville Jaguars. Desemba mwaka huohuo akafukuzwa. Alikuwa amecheza mechi 13, ameshinda mbili, amefungwa 11. Yaani ndani ya miezi mitatu alipoteza theluthi moja ya idadi aliyoipoteza kwa miaka 17.

Usajili ndiyo siri yao

Sasa twende kwenye sababu. Ya kwanza na kubwa ni kwamba kocha wa chuo anachagua wachezaji mwenyewe, na wa NFL anagawiwa.

Kocha wa Alabama au Ohio State anapanda ndege, anakwenda hadi sebuleni kwa kijana wa miaka 17, anakaa na mama yake, anamwahidi elimu na jina. Hakuna sheria inayomzuia kukusanya vipaji vikubwa kuliko wapinzani wake wote. Mwaka huu anachukua bora 20, mwakani bora wengine 20. Baada ya misimu mitatu, mchezaji anayekaa benchi kwake angekuwa nahodha kwingine.

Halafu tazama wanaocheza nao. Vyuo vikubwa hulipa vyuo vidogo vije kucheza kwenye uwanja wao, mara nyingi kwa zaidi ya Dola 1 milioni kwa mechi moja. Kile kidogo kinakuja kikijua kitafungwa, kinachukua hundi na kupanda basi. Ushindi ule unaingia kwenye rekodi ya kocha kama ushindi mwingine wowote.

NFL imejengwa kinyume chake. Klabu zipo 32. Timu iliyoshika mkia ndiyo inayoanza kuchagua chipukizi wanaotoka vyuoni, bingwa anachagua mwisho. Kuna kikomo cha jumla ya mishahara, kwa hiyo tajiri hawezi kununua kila mtu. Ligi nzima imepangwa ili mkubwa asiwe mkubwa milele. Kocha aliyezoea kuingia uwanjani akiwa na silaha mara mbili ya mpinzani, sasa anaingia wakiwa sawa. Hapo ndipo inabidi mbinu ziongee, na kumbe mpinzani naye ana mbinu.

Sababu ya pili ni madaraka. Chuoni kocha ameshika maisha ya kijana. Ndiye anayeamua nani apate ufadhili wa masomo, nani acheze, nani aonekane na maskauti. Kwa miaka mingi mchezaji wa chuo aliyehama alilazimika kukaa nje msimu mzima, hivyo hata akichukia alivumilia. Kocha akipiga kelele, watu wanakimbia.

Mchezaji wa NFL ni mtu mzima. Ana mke, watoto, wakala na mwanasheria, na mara nyingi analipwa kuliko kocha. Anajua kocha anaweza kuondoka kabla yake. Mtu huyu humwongozi kwa kumfokea, unamwongoza kwa kumwonyesha kwamba unachomfundisha kitamsaidia Jumapili.

Meyer ndiye aliyelipa gharama ya somo hilo. Mwishoni mwa Septemba 2021 timu yake ilifungwa ugenini Cincinnati. Wachezaji wakapanda ndege kurudi Florida, yeye akabaki Ohio. Siku chache baadaye video yake akiwa baa ikasambaa, na mmiliki wa klabu akamkemea hadharani kwamba anatakiwa arudishe imani ya watu. Pengine chuoni angeomba radhi kwa vijana na mambo yakaisha. Kwenye chumba cha watu wazima, heshima ikishatoka hairudi.

Sababu ya tatu haisemwi sana: kufungwa. Kocha mkubwa wa chuo akipoteza mechi mbili kwa msimu, mji unalia. NFL hata bingwa anaweza kufungwa nne au tano. Mtu ambaye hajazoea kufungwa hajui kuishi na timu iliyofungwa. Anabadilisha kikosi kwa hasira, analaumu wasaidizi, anapoteza usingizi. Tatizo dogo la Oktoba linakuwa msiba wa Desemba.

Waliopenya walifanyaje?

Wapo waliovuka. Jimmy Johnson alibeba ubingwa wa vyuo wa 1987 na Chuo Kikuu cha Miami, akaenda Dallas Cowboys 1989. Msimu wa kwanza alishinda mechi moja, akapoteza 15. Moja! Angekuwa klabu nyingine angefukuzwa kabla ya Krismasi. Lakini mmiliki mpya, Jerry Jones, alikuwa amecheza naye chuo cha Arkansas, akampa muda.

Johnson alifanya jambo la kijasiri. Katikati ya msimu ule mbovu alimuuza staa wake, Herschel Walker, kwenda Minnesota, akapewa lundo la wachezaji na zamu za kuchagua chipukizi. Yaani alitafuta njia ya kufanya NFL usajili wa mtindo wa chuo. Akabeba Super Bowl mbili mfululizo, za misimu ya 1992 na 1993.

Pete Carroll aliibeba USC, kisha akatwaa Super Bowl na Seattle Seahawks Februari 2014. Lakini yeye kabla ya chuo alishakuwa kocha mkuu NFL, tena mara mbili, New York Jets na New England Patriots. Alishafukuzwa, alishajifunza. Jim Harbaugh aliichukua San Francisco 49ers 2011 akitokea Stanford, na Februari 2013 akafika fainali ya Super Bowl na kufungwa na Baltimore ya kaka yake, John. Harbaugh alikuwa amecheza NFL mwenyewe kwa zaidi ya miaka 10. Hakuhitaji kuambiwa chumba cha wachezaji wa kulipwa kinafananaje.

Ni Harbaugh huyuhuyu aliyerudi chuoni, akaipa Michigan ubingwa wa taifa Januari 2024, na mwezi huohuo akaondoka kwenda Los Angeles Chargers. Timu iliyokuwa imeshinda mechi tano msimu uliotangulia, akaifikisha ushindi wa mechi 11 msimu wa kwanza. Mara mbili amepanda, na mara zote mbili timu imebadilika papo hapo.

Kuna mtu atasema: basi dawa ni kumpa kocha madaraka yote, achague wachezaji mwenyewe kama chuoni. Wamejaribu. Chip Kelly alitoka Oregon 2013 kwenda Philadelphia Eagles, akashinda mechi 10 msimu wa kwanza na 10 msimu wa pili. Januari 2015 akapewa mamlaka ya usajili. Akamuuza LeSean McCoy, akapangua kikosi, na kabla ya mechi ya mwisho ya msimu huo akafukuzwa.

Kwenye kikapu, Rick Pitino aliipa Kentucky ubingwa wa 1996, mwaka uliofuata akaenda Boston Celtics kama kocha na bosi wa kila kitu. Januari 2001 akaondoka akiwa ameshinda mechi 102 na kupoteza 146. Klabu hiyohiyo mwaka 2013 ikamchukua kijana wa miaka 36, Brad Stevens, aliyekipeleka chuo kidogo cha Butler kwenye fainali mbili mfululizo, 2010 na 2011. Stevens alipewa mkataba wa miaka sita, kazi ya kusajili ikabaki kwa Danny Ainge. Akaifikisha Celtics fainali za ukanda wa Mashariki mara tatu. Ofisi ya usajili alipewa 2021, baada ya kuijua ligi kwa miaka minane, na mwaka 2024 Celtics wakawa mabingwa.

Ukiwatazama Stevens na Kelly utaona tofauti haipo kwenye madaraka peke yake. Stevens alitoka chuo ambacho hakikuwahi kuwa na vipaji kuliko wapinzani. Alishazoea kushinda akiwa sawa na mwenzake au chini yake. NBA haikumshangaza.

Dan Hurley bila shaka aliliona hili. Huyu ni kocha wa UConn, chuo ambacho Mtanzania wetu Hashim Thabeet alichezea kabla ya kuchaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Hurley alibeba ubingwa 2023 na 2024 mfululizo. Juni 2024 Los Angeles Lakers wakamfuata na mkataba mnono. Akakataa, akabaki chuoni. Wengi walimshangaa. Ukishajua yaliyowakuta Pitino na wenzake, hushangai sana.

Kwenye soka ilikuwaje?

Sasa njoo kwenye mchezo wetu. Bruce Arena aliifundisha Virginia kuanzia 1978 hadi 1995 na kuchukua ubingwa wa vyuo mara tano, ukiwemo mmoja wa kugawana. Minne ilikuwa mfululizo, 1991 hadi 1994. MLS ilipoanza 1996, akapewa DC United. Akabeba ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo na wa pili. Mwaka 1998 akabeba ubingwa wa klabu za CONCACAF. Akakabidhiwa timu ya taifa, na Kombe la Dunia 2002 akaifunga Ureno 3-2, akaitoa Mexico 2-0, akafungwa na Ujerumani 1-0 robo fainali, ile mechi ambayo Torsten Frings aliushika mpira kwenye mstari wa goli na mwamuzi akapeta. Baadaye akabeba ubingwa mara tatu na LA Galaxy.

Sigi Schmid alikuwa UCLA, mataji matatu ya vyuo. Akaenda Galaxy, akabeba MLS 2002, akaenda Columbus Crew akabeba tena 2008. Caleb Porter alibeba ubingwa wa vyuo na Akron 2010, MLS na Portland Timbers 2015, MLS tena na Columbus 2020.

Bob Bradley alitokea Princeton, akawa msaidizi wa Arena pale DC United, kisha 1998 akapewa Chicago Fire, timu mpya kabisa. Mwaka wa kwanza tu akabeba ligi na kombe, na fainali ya ligi alimfunga bosi wake wa zamani, Arena, 2-0.

Kwa nini hawa walivuka? Sio kwamba walikuwa na akili kuliko Saban. Jibu ni kwamba ngazi waliyopanda ilikuwa fupi. Ligi ya zamani ya Marekani, NASL, ilicheza msimu wake wa mwisho 1984. Kuanzia hapo hadi 1996 nchi haikuwa na ligi kuu ya kulipwa ya uwanja mkubwa yenye hadhi ile. Miaka yote hiyo ujuzi wa soka la Marekani ulikuwa umehifadhiwa vyuoni. MLS ilipofunguliwa, wachezaji wazawa walikuwa walewale waliopita mikononi mwa makocha wa vyuo.

Kikosi cha kwanza cha Arena kinaonyesha hivyo. Nahodha John Harkes na beki Jeff Agoos walikuwa vijana wake wa Virginia. Kwenye fainali ya 1996 DC walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Galaxy, mvua inanyesha, wakarudisha yote mawili, na goli la ushindi kwenye muda wa nyongeza likafungwa kwa kichwa na Eddie Pope, kijana aliyekuwa ametoka chuo cha North Carolina mwaka huohuo.

Porter naye hivyohivyo. Darlington Nagbe, mzaliwa wa Liberia, alikuwa naye Akron 2010, alikuwa naye Portland 2015 na alikuwa naye Columbus 2020. Mataji matatu, kiungo mmoja. Kocha alihama na sehemu ya mazingira yake. Hata Mkenya wetu Lawrence Olum, aliyejiunga na Portland ya Porter 2017, alikuwa amepitia mfumo uleule wa vyuo. Lugha waliyozungumza mazoezini ilikuwa moja.

Na pale ngazi ilipokuwa ndefu, hata hawa wa soka walipata tabu. Bradley aliifunga Hispania 2-0 akiwa na Marekani kwenye Kombe la Mabara 2009 kule Afrika Kusini, halafu 2011 akaenda Misri. Akafanya kazi katikati ya msiba wa Port Said wa Februari 2012 uliokatisha ligi, akaifikisha Misri mechi mbili za mwisho za kufuzu Kombe la Dunia 2014, na huko Kumasi akapigwa 6-1 na Ghana. Mwaka 2016 akawa Mmarekani wa kwanza kufundisha Ligi Kuu England, pale Swansea. Alidumu mechi 11.

Chuo kinageuka ligi

Kuna jambo jipya ambalo huenda likabadilisha hesabu zote hizi. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina na picha zao. Kuhama kumekuwa rahisi, hakuna tena kukaa nje msimu mzima. Na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi takribani Dola 20.5 milioni kwa mwaka wa kwanza.

Maana yake ni kwamba ile nguvu ya kocha wa chuo inayeyuka. Kijana asiyeridhika anahama na wakala wake. Kocha anapaswa kumsajili kila mwaka upya, hadi yule aliye naye tayari. Saban alistaafu Januari 2024, mabadiliko haya yakiwa yamepamba moto. Desemba mwaka huo Bill Belichick, aliyebeba Super Bowl sita akiwa kocha mkuu wa Patriots, akafanya safari ya kinyume na kwenda Chuo Kikuu cha North Carolina. Zamani hilo lingeonekana kichekesho. Sasa vyuo vinatafuta watu wanaojua mikataba, vikomo vya mishahara na mawakala.

Ngazi ya mpira wa Kimarekani inafupika, kama ile ya soka ilivyokuwa 1996. Kocha wa chuo atakayepanda NFL miaka ijayo atakuwa ameshaonja mchezaji anayelipwa, mchezaji anayehama, na mpinzani mwenye mfuko sawa na wake. Natarajia tutaona wachache wakiumbuka kama Meyer.

Kwenye soka mambo yanakwenda upande mwingine. Klabu za MLS sasa zina akademi zao, zinawasainisha vijana kabla hawajafika chuo, na benchi la ufundi linajazwa na watu kutoka Amerika Kusini na Ulaya. Inter Miami ya Messi haitafuti kocha Virginia wala UCLA. Mlango uliompitisha Arena unafungwa, kwa sababu ujuzi umehama nyumba.

Somo kwa shabiki ni hili. Klabu yako ikitangaza kocha mpya mwenye makombe, usiishie kuyahesabu. Uliza kule alikotoka nani alikuwa anasajili. Uliza kikosi chake kilikuwa na thamani mara ngapi ya wale aliowafunga. Uliza alipofungwa mechi tatu mfululizo alifanya nini, na kama hajawahi kufungwa tatu mfululizo, jua hilo ni jambo la kukutia wasiwasi, si la kushangilia. Kombe ni la kocha, ni la wachezaji, na ni la mazingira yaliyowakutanisha. Akihama, anaweza kuja na picha ya kombe. Mazingira anayaacha.